Shati Lililombana Ondrej

Lansford, Pennsylvania
Jumanne, 18 Machi 1958

Ameshinda! Otilia, Ondro wangu ameshinda! Najua unajua, ulikuwa hukohuko studio na pasi yako mkononi, lakini acha niliandike mwenyewe nilione kwenye karatasi: Ondrej Hlavaty, mtoto wa Jozef mchimba makaa, amesimama kwenye televisheni, ndani ya kile kibanda cha kioo cha mchezo wa maswali, mbele ya Marekani nzima na amemshinda wakili wa Boston.

Haya, sasa nakusalimu, mdogo wangu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi tuko. Jozef kifua chake ni kilekile, akipanda ngazi anakaa katikati kupumzika kama anasubiri basi. Kabichi nilizotia chumvi pishini zimekaa vizuri mwaka huu, nitakutumia chupa mbili.

Jana sebuleni kwangu walijaa watu kumi na tisa. Nimehesabu. Padri Lesko alikaa kwenye kochi, na Ana Kachmar, mke wa fundi cherehani, alibanwa kwenye kona ya jiko akanyamaza kwa nusu saa nzima, jambo ambalo halijatokea tangu harusi yake. Mwisho akashindwa kuvumilia. "Justina, hivi ni Ondro kweli, au ni mtu anayefanana naye?" Nikamwambia, "Ana, itazame hiyo pua, halafu mgeukie Jozef." Watu wakacheka mpaka hatukusikia swali la tatu.

Lakini la mwisho tulilisikia! Wake sita wa yule mfalme wa Uingereza, kwa mpangilio. Akawataja kama anayetaja majirani wa mtaa wetu. Nani alimfundisha kusoma mtoto yule? Mimi, niliyeishia darasa la nne.

Wewe ni mama yake mdogo na analala kwako, basi mlishe. Mchezo ni kila Jumatatu mpaka ashindwe, na Ondro hatashindwa.

Dada yako,
Justina


Astoria, New York
30 Machi 1958

Dada Justina mpendwa,

Nakusalimu wewe na shemeji Jozef. Mgongo ni mgongo, huku pasi na huku ngazi za treni. Mkate wa mbegu za popi ulifika umevunjika kidogo, tukaula hivyohivyo. Ondro hajambo. Anasoma sana. Septemba anaanza kufundisha historia, shule ile ya Brooklyn wamethibitisha.

Umeniuliza kazi yangu pale ikoje. Ni ileile ya chumba cha mavazi. Niko studio ile tangu enzi za redio, wakati mtu akijua jibu alipewa boksi la sabuni akaenda nyumbani amefurahi. Siku hizi kampuni ya dawa ya meno ndiyo inayolipia kipindi, na kila kitu kimekuwa kikubwa. Mkubwa wetu, Bwana Whitlock, anataka watu nchi nzima waache kula wakati wa kipindi chetu hiki, Kilele.

Nafurahi mlifurahi. Ila dada, usialike watu wengi hivyo kila wiki. Utachoka.

Otilia


Lansford
22 Aprili 1958

Mdogo wangu Otilia,

Salamu kwanza, ingawa nina neno na wewe. Jozef anakusalimu. Pasaka ilipita vizuri, na mayai yangu ndiyo yaliyosifiwa kanisani, sisemi mimi, kasema Padri.

Sasa neno lenyewe. Fundi Kachmar alimshonea Ondro suti ya kijivu, nikaituma kwako mwezi uliopita imefungwa vizuri, na shati jeupe ndani yake. Wiki sita mwanangu anashinda. Wiki sita Marekani inamtazama. Na wewe, mpiga pasi mkuu, unamvisha nini? Shati limemkaba shingo mpaka macho yanatoka! Koti mikono mifupi, kama limevuliwa maiti akavishwa yeye! Ana Kachmar kasimama katikati ya sebule yangu mbele ya watu. "Suti ya mume wangu iko wapi? Mmeiuza?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Na jambo jingine. Ondro anatokwa na jasho. Anajipapasa paji la uso kwa leso, tap, tap, taratibu, kama bibi harusi anayeogopa kuharibu poda. Otilia, mimi nimemzaa. Mtoto huyu alikuwa akichochea tanuru la mikate mwezi wa Agosti bila kulowa kwapa. Hana jasho, kama baba yake. Ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa niambie nipande basi kesho.

Hata hivyo, duka la nyama wamebandika picha yake dirishani. Nimewaomba wasiiweke karibu na soseji.

Nijibu upesi.

Justina


Astoria
5 Mei 1958

Dada mpendwa,

Natumaini mko salama wote. Ondro si mgonjwa. Suti ya fundi Kachmar iko hapa kabatini, safi, haijaguswa. Mwambie Ana hivyo.

Shati linachaguliwa na wakubwa. Nisilolipenda nalipiga pasi vilevile. Tafadhali usiniulize zaidi.

Nakuomba kitu kimoja. Jumatatu ijayo, tarehe 12, usialike watu. Mtazame wewe na shemeji tu, mkiwa mmekaa.

Otilia


Lansford
14 Mei 1958

Otilia,

Hatujambo. Jozef hajambo. Sina habari nyingine za nyumbani.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi, nikaisoma nikacheka, nikasema Otilia anaona wivu. Nikaalika watu. Walikuwa ishirini na saba, wengine wamesimama barazani wanachungulia dirishani.

Na mtangazaji akauliza, "Ni mtakatifu gani aliye msimamizi wa wachimba migodi?"

Nyumba nzima ikapiga kelele, "Barbara!" Mpaka watoto. Mpaka Jozef, ambaye hana pumzi ya kupigia kelele. Padri Lesko akasema, "Haya, hilo tumepewa bure." Picha ya Mtakatifu Barbara ilikuwa juu ya kitanda cha Ondro kwa miaka kumi na minane! Kila siku kabla baba yake hajashuka shimoni tulipiga magoti mbele yake, na Ondro ndiye aliyeongoza sala, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri!

Na mwanangu akafumba macho. Akauma mdomo. Tap, tap kwa leso. Akasema, "Mtakatifu Petro."

Watu walivaa makoti wakatoka mmoja mmoja kama waliotoka kumuaga marehemu. Ana alinishika mkono mlangoni. Afadhali angenicheka.

Nimewaambia watu kwamba vile vifaa vya masikioni anavyovaa kibandani viliharibika, hakusikia swali. Wameitikia kwa vichwa.

Lakini wewe, Otilia. Barua yako uliiandika tarehe 5. Mchezo ulikuwa tarehe 12. Wewe ulijuaje?

Justina


Lansford
30 Julai 1958

Otilia,

Salamu. Hii ni barua ya tatu. Mbili hukuzijibu. Ondro naye hupiga simu pale duka la nyama, anasema "sijambo, mama, jua ni kali, mama," kisha sarafu zinamwishia.

Sijauliza jambo gumu. Ulijuaje?

Justina


Astoria
12 Oktoba 1958

Dada Justina,

Nakusalimu, na shemeji, na ninaomba Mungu mkisoma hii muwe mmekaa pamoja. Nisamehe kwa miezi mitano. Kila Jumapili nilichukua kalamu.

Utakuwa umeona magazeti. Mshindani mmoja wa kipindi kingine amekwenda kusema kwamba walipewa majibu, na sasa kila kipindi kinachunguzwa. Kilele kimefutwa. Jumatatu wanaonyesha watu wa farasi na bastola.

Ulichouliza ni hiki. Siku ile ya kwanza, mwezi Machi, Bwana Whitlock aliingia na Ondro kwenye chumba cha mavazi, akafunga mlango, akamsomea maswali yote na majibu yote mbele ya ubao wangu wa pasi, kana kwamba mimi ni kiti. Ondro akasema, "Lakini bwana, haya nayajua mwenyewe." Yule akacheka. "Najua unajua, kijana. Watu hawataki kukuona unajua. Wanataka kukuona unateseka."

Akamfundisha. Hapa nyamaza. Hapa uma mdomo. Leso usifute, papasa, kwa sababu ukifuta jasho linaondoka na kamera inalitaka. Kibandani walizima mashine ya kupoza hewa, na taa zile zote juu yake. Hata asiye na jasho alilitoa. Na shati, dada. Shingo ya Ondro ni inchi kumi na tano na nusu. Nilipewa kola ya kumi na nne na nusu na kuambiwa, "Ukiipanua hata uzi mmoja, usirudi." Mimi ndiye niliyemfunga kile kifungo kila Jumatatu kwa mikono yangu. Aliniangalia, nikaangalia kifungo.

Kisha wakampata mwingine, kijana mzuri wa sura, na ikawa zamu ya Ondro kuondoka. Whitlock akamwambia utakosa swali la Barbara. Ondro akakataa. Nilimsikia. "Nipe jingine lolote. Hilo mama yangu anajua kwamba nalijua." Whitlock akamjibu, "Ndiyo maana nimelichagua. Mtoto wa mgodi amkose mtakatifu wa mgodi? Nchi nzima italia."

Angeweza kulijibu vilevile, kibandani alikuwa peke yake. Lakini alishakubali mara nane, na Whitlock alimkumbusha kwamba hayo yakijulikana ataikosa kazi ya ualimu.

Sasa sikia linalonifanya niandike. Kuna baraza la mashtaka, watu wa kawaida ishirini na watatu wanaosikiliza kwa siri. Ondro aliitwa mwisho wa Septemba. Akaweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hakuna mtu aliyempa jibu lolote. Kusema uongo pale ni jela, dada, na mwalimu aliyefungwa hafundishi tena. Mwanasheria mmoja wa mashtaka amewaambia washindani wote kwa upole: aliyeapa vibaya anaweza kurudi akarekebisha, kabla hawajapata shahidi wa kumpinga.

Ondro hataki. Nimemsihi. Kila siku jibu ni lile moja, "Mama atakufa." Mama ana picha yangu dirishani, anasema, ana Padri, ana mtaa mzima.

Mwandikie wewe. Mimi hanisikii.

Otilia


Lansford
20 Oktoba 1958

Otilia,

Nimekusalimu.

Nadhani pasi imekuunguza akili. Mwanangu alijua majibu yote, wewe mwenyewe umesema. Basi kosa lake ni nini? Aliyewataja wale wanawake sita ni nani, si yeye? Kama kuna aliyefanya ubaya ni huyo Whitlock, na wewe uliyefunga vifungo.

Ondro ameapa. Mtu akiapa ameapa. Yatapita, watu wana mambo mengi, wiki ijayo watazungumzia mengine. Wewe kaa kimya kama ulivyokaa kimya tangu Machi. Kwa kunyamaza una kipaji.

Jozef sijamsomea barua yako, na sitamsomea.

Justina


Astoria
29 Oktoba 1958

Dada,

Natumaini shemeji anapumua vizuri na baridi hii.

Jana alikuja mtu na karatasi. Nimeitwa mbele ya baraza, Alhamisi tarehe 13 Novemba, saa nne asubuhi. Wamejua kwamba chumba cha mavazi kilikuwa na mtu.

Nimefikiri sana. Ningeweza kusema sikusikia, mvuke wa pasi una kelele. Whitlock amenitumia ujumbe kwamba hilo ndilo jibu bora. Lakini nitaweka mkono juu ya Biblia, dada, na umri wangu ni miaka hamsini na sita. Nitasema nilichoona.

Nikisema, mimi ndiye nitakuwa shahidi wa kumpinga Ondro. Nimemwambia uso kwa uso, mezani. Hakukasirika. Aliosha sahani yake na yangu, akasema, "Sema, mama mdogo. Mimi siwezi."

Akiingia kabla yangu, amejirekebisha mwenyewe na ameokoka. Akiingia baada yangu, au asipoingia, mimi nimemfunga. Anaweza kwenda siku yoyote kabla ya tarehe 13. Hilo tu. Sikuombi unisamehe.

Otilia


Lansford
Jumamosi, 8 Novemba 1958

Mdogo wangu Otilia, roho yangu,

Barua hii naituma kwa malipo ya haraka, na ndani yake kuna nyingine ya Ondro, imefungwa. Mpe mkononi kabla hujavua koti. Kisha urudi usome hii.

Salamu zetu. Kifua cha Jozef kimechukua baridi lakini anakula. Alipata barua zako mbili kwenye kopo la unga, mwizi mkubwa, alikuwa anatafuta peremende. Nilimkuta mezani na miwani. Nikasema, "Jozef, usiamini, Otilia kachanganyikiwa." Akakohoa kwanza, unamjua, lazima umsubiri. Kisha akasema, "Justina, mtoto anamwogopa nani? Mwendesha mashtaka?" Nikasema, "Ndiyo, nani mwingine?" Akasema, "Mtoto anakuogopa wewe."

Miaka thelathini na mbili nimekaa na mwanamume huyu, na nimemwambia anyamaze kwa mengi. Safari hii nilinyamaza mimi.

Siku tano nilizunguka humu ndani, Otilia. Nilipanga kumwandikia Ondro aseme ukweli. Nikaandika, nikachana. Kwa sababu namjua. Angeisoma angesema mama ananihurumia, mama anajitolea, nikisema ataumbuka mbele ya Ana Kachmar. Angefunga mdomo zaidi ili kunilinda. Maneno ya karatasi yasingetosha kwa mtoto yule. Ilibidi nimwondolee kitu anachokilinda.

Basi jana Ijumaa nikaenda chini ya kanisa kujaza viazi kwenye vile vipande vya unga vya pirohi kama kila Ijumaa. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, unga mpaka kwenye nyusi. Ana yuko mbele yangu anabana kingo. Nikasema, kwa sauti, ili nisilazimike kurudia, "Jamani, Ondro alipewa majibu."

Mikono yote ikasimama.

Ana akasema, "Justina, umeweka chumvi mara mbili, hebu rudi kwenye viazi." Alitaka kunipa mlango wa kutokea, Otilia! Ana, ambaye nimemtesa na pua ya Jozef tangu Machi! Sikuupita. Nikawaambia yote. Shati, leso, Whitlock, Mtakatifu Barbara. Nikawaambia kwamba vile vifaa vya masikioni havikuharibika, niliwadanganya, na kwamba mwanangu ameapa uongo kwa sababu mama yake ni mwanamke anayependa kusifiwa kuliko anavyopenda kula. Kisha nikakaa juu ya gunia la viazi.

Mmoja akasema, "Na ile picha dukani?" Nikasema nimeshaitoa, asubuhi, kabla ya kuja hapa. Mwingine akacheka, sitamtaja, alikuwa na haki. Mwingine akatoka nje, na nadhani kufikia saa sita Lansford nzima ilijua mpaka kituo cha mabasi. Ana alikuja akakaa nami kwenye gunia. Akasema, "Mimi pale nilijua tu. Mtu hakosi Barbara." Kisha akasema, "Walau sasa tunajua suti ya mume wangu haikuwa mbaya." Nikacheka huku nalia, na unga usoni, ungeniona.

Ndiyo niliyomwandikia Ondro, mistari mitatu. Kwamba mtaa wote unajua, nimewaambia mwenyewe kwa kinywa changu. Kwamba sijafa, nimekula pirohi sita. Kwamba hana tena kitu cha kunifichia, kwa hiyo aende Jumatatu hiyohiyo, au Jumatano, lakini aende kabla yako, na akimaliza apige simu dukani. Nitakaa pale kutwa. Wameshaniwekea kiti.

Kama shule ya Brooklyn itamtoa, itamtoa. Naogopa, Otilia. Kama baraza litasema amechelewa, naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile mgodi ulipoporomoka na Jozef yuko ndani. Lakini nakwambia, na hili si majivuno, au ni majivuno kidogo: hakuna mama mwingine Lansford ambaye mwanawe alijua majibu yote na bado atakwenda kusema alipewa. Wataje kama wapo.

Wewe Alhamisi sema ulichoona, chote, na kifungo chako pia. Usimpunguzie Ondro wala usinipunguzie mimi. Ile barua yangu ya Oktoba itie motoni. Nilikuwa nayasema kwa mdomo wa mtu mwingine, nami simpendi mtu huyo.

Baada ya hapo mtakuja wote wawili. Nimeongea na Padri, ametupa chumba cha chini ya kanisa. Nimewaalika watu wote waliokuja kumtazama sebuleni, na wale wa barazani, na yule aliyecheka, waje wamsikie Ondro mwenyewe, bila kioo, na yeyote mwenye swali amuulize apate jibu. Watu ishirini na watatu wa New York watakuwa wamemsikia, na sisi tumsikie. Ana ameahidi kuja na mumewe. Waliosema hawaji nimewaambia nitawafuata nyumbani kuwachukua, na wananijua. Kabichi za kuwalisha nimeanza kuziandaa leo. Pandeni basi la Jumamosi mlale hapa, ili asubuhi twende kanisani pamoja, sisi wanne, na tupite katikati ya barabara. Ni Jumapili ijayo, tarehe 16 Novemba, mara tu baada ya misa ya pili.

Dada yako,
Justina